Msiusugue Ule Utando

Jana niliona mnavyoosha mchanga, nikanyamaza kwa sababu mlikuwa mmenikaribisha chai. Leo chai nimeshamaliza, kwa hiyo nitasema. Yule kijana wenu mrefu alikwangua mchanga wa juu kwenye kichujio, ule wenye utelezi wa rangi ya kahawia, akausuuza kwa mpira wa maji mpaka ukawa mweupe, kisha akasimama akiutazama kwa furaha kama mtu aliyenunua sahani mpya. Mwanangu, ule utelezi ndio uliokuwa unafanya kazi. Mchanga ni nyumba tu. Ndani ya utando ule wanaishi vidudu visivyoonekana, na wao ndio wanaokula vile vinavyotuharisha. Umewafukuza wafanyakazi, umebaki na jengo.

Ninyi mnacheka. Mimi siwezi kucheka sana, maana nimewahi kuona mtu akikaribia kufa kwa usafi wa namna hiyo, na mtu huyo ndiye aliyenifundisha kazi.

Naitwa Zaituni. Nimezaliwa Mpumudde, Jinja, na niliingia idara ya maji nikiwa msichana, kupima maji. Miaka ile ya sabini utawala ulikuwa wa bunduki, Wahindi walikuwa wameshafukuzwa, na kila kitu kilichokuwa kikija kwa meli kiliacha kuja. Shabu ya kutuliza tope hakuna. Klorini hakuna. Pampu ikiharibika mliikalia matanga. Sabuni na sukari ulizipata kwa magendo, kwa kunong'ona. Umeme ulizalishwa palepale Jinja, tukisikia maji yakinguruma kwenye bwawa, na bado maabara yetu ilikaa bila umeme wiki nzima.

Fundi wangu alikuwa Mzee Barasa, Mkenya wa upande wa Bungoma, aliyekuja zamani kwa barabara kuu ya kutoka Kenya, akaoa na akabaki. Alikuwa mfupi, mkaidi, na hakuvua kofia yake ila kwa mambo mawili: kusali na kunywa maji. Alikuwa na desturi moja. Akimaliza kutengeneza kichujio, mahali popote, yeye ndiye aliyekunywa bilauri ya kwanza mbele ya watu. Alisema, "Kama mimi naogopa maji yangu, kwa nini mama wa watu anyweshe mtoto?" Kule Masese, kwa akina mama wauza samaki, aliwajengea kichujio cha pipa, akavua kofia, akanywa, akabaki amefumba macho. Kumbe pipa lile waliwahi kuwekea sangara wa chumvi. Alimeza yote. Kisha akasema taratibu, "Iko salama. Lakini inataka ugali."

Yeye ndiye aliyenifundisha kupima maji bila umeme. Tulikuwa na vichupa vyenye mchuzi wa rangi ya zambarau. Ukitia maji machafu ukayaweka kwenye joto siku nzima na usiku wake, mchuzi unageuka njano na kutoa povu. Maji yakiwa safi, zambarau inabaki zambarau. Joto linalotakiwa ni kama la mwili wa mtu, na kabati la umeme lilipokufa, Mzee Barasa alinitazama akasema, "Basi ni mwili wa mtu." Nikashona mkanda wa kitambaa wenye vifuko, nikavifunga vichupa kiunoni chini ya gomesi, vazi letu refu la kike, nikalala navyo. Mama yangu aliona ule uvimbe akaanza kuhesabu miezi, mpaka nilipomwonyesha.

Siku moja mimi na Mzee Barasa tulikuwa tunatoka Mbale kurudi Jinja, vichupa vikiwa kiunoni, na kizuizini askari akatushusha wote kwenye pikapu. Alikuwa mdogo wa umri, macho yake yalikuwa mekundu, na alizungumza kile Kiswahili chao cha kambini. Akanigusa tumboni kwa mdomo wa bunduki. Vichupa vikagongana: kling.

"Wewe nabeba nini hapa?"

"Maji, afande."

"Maji natembea kwa tumbo?"

Nikatoa kichupa kimoja. Mzee Barasa akasema polepole, "Afande, hiyo ni maji ya kambi yenu. Inakaa kwa joto ya mtu, halafu inasema kama iko na uchafu."

"Maji nasema?" Yule kijana akakiweka kichupa sikioni. Alisikiliza kweli, huku kidole kikiwa kwenye kifyatulio. "Haisemi kitu."

"Bado, afande. Mpaka kesho."

Akafikiri, akanirudishia. Tulipofika Jinja ndipo nilipolia, na nilimlilia Mzee Barasa kwa hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa na bunduki. Aliniacha nimalize, kisha akauliza kama vichupa havikupoa.

Sasa niwaambie yale maji yalikuwa ya wapi. Nje ya mji wa Mbale palikuwa na kambi ndogo ya jeshi. Jina lake nimelisahau kwa makusudi. Bomba la kutoka mlimani lilikuwa limekufa, na boza la maji lilikuwa linabeba vitu ambavyo si maji, na hakuna aliyeuliza ni vitu gani. Mkuu wa kambi, Kapteni mmoja mnene mwenye sauti ndogo, alituita. Akatupeleka nyuma ya nyumba za familia, kwenye mtaro wa maji ya kuogea na kufulia uliopita chini ya uzio na kumwagikia kwenye migomba.

"Watu yangu naoga kila siku," akasema. "Maji hiyo naenda wapi?"

"Kwa migomba, afande," akajibu Mzee Barasa.

"Migomba nakunywa kuliko askari? Rudisha. Watu nakunywa."

Hiyo ndiyo ilikuwa mipango yote ya mradi. Ninyi leo mnaandika miezi sita kabla ya kuchimba shimo. Sisi hatukuwa na pampu, dizeli wala dawa, na neno "haiwezekani" halikuwa la kumwambia mtu yule. Mzee Barasa alicheka baada ya kutoka getini tu. Akasema mteremko ndio jenereta yetu.

Tulijenga kwa mteremko. Maji yalipita kwanza kwenye shimo lenye nyasi kavu za kushika mafuta na nywele. Kutoka hapo yalipenya kwenye kitanda cha matete tuliyoyakata kwenye kinamasi cha Namatala, pembeni mwa Mbale, tukayapanda kwenye changarawe. Kisha yakaingia kwenye mapipa mawili makubwa ya mchanga yaliyosimama sambamba, yakapita kwenye makaa yaliyopondwa, yakaishia kwenye pipa lenye kifuniko na bomba. Hakuna kilichowaka wala kunguruma. Choo kilikuwa mbali na hakikuhusika. Uhaba wa sabuni, ambao nchi nzima iliulaani, ulitusaidia sana, maana mchanga hauipendi sabuni. Kazi ngumu ilikuwa nepi. Niliwaambia wake wa askari kwamba maji ya kufulia nepi ni maji ya choo yaliyobadilisha nguo tu, na mmoja akaniuliza kama mwanawe avae majani. Tukawachimbia karo lao la kufulia pembeni, maji yake yakafuata mtaro wa zamani hadi kwenye migomba.

Shikeni haya, maana hayajabadilika. Mchanga usikauke hata siku moja. Maji yakae juu yake daima. Na yasikimbie. Mzee Barasa alipima kwa ndizi: jagi lisijae kabla mama hajamaliza kumenya matoke ya sufuria moja. Likijaa mapema, funga kidogo. Utando ukinenepa na kuzuia maji, unakwangua tabaka jembamba la juu kwenye pipa moja tu, na lile la pili linaendelea kulisha watu mpaka la kwanza lipone. Ndiyo maana mapipa ni mawili.

Wiki zilipita vichupa vyangu vikigeuka njano. Nilikuwa nalala Namatala kwa shangazi yangu, na kila asubuhi alinisubiri mlangoni niviangalie, kama mtu anayesubiri habari za mgonjwa. Asubuhi moja vyote vilibaki zambarau. Nilimkumbatia shangazi mpaka akalalamika mbavu. Mzee Barasa akaenda kambini, akavua kofia, akanywa mbele ya askari wote. Kapteni aliipenda desturi ile kupita kiasi, akaigeuza amri: kila asubuhi gwaride linapanga mstari, mzee anakunywa, ndipo kambi inakunywa. Na kwa kuwa aliogopa sumu kuliko alivyoogopa risasi, alitia kufuli kwenye kifuniko cha lile pipa la mwisho na ufunguo akaukalia yeye.

Aliyesimamia usafi wa kambi alikuwa Sajini Ayub. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi na mke aliyechelewa kunisamehe kwa ajili ya nepi. Ila alikuwa askari, na kwa askari, mkubwa akija kukagua, kila kitu lazima king'ae. Mawe yanapakwa chokaa. Miti inapakwa chokaa mpaka kiunoni. Ikatangazwa kwamba Kanali mmoja anakuja kutoka Kampala kuona maji yasiyotaka dizeli wala kuni, maana Kapteni alikuwa amejisifu huko. Kapteni mwenyewe akaenda kumchukua.

Siku moja kabla ya ugeni tulifika kambini asubuhi. Changarawe ya matete ilikuwa nyeupe kwa chokaa. Sajini Ayub alikuwa amesimama kando ya mapipa, jasho linamtoka, anatabasamu.

"Mzee, angalia kazi. Ile uchafu yote naisha. Vijana nasugua mchanga na sabuni mpaka asubuhi."

"Pipa gani?" akauliza Mzee Barasa.

"Zote mbili," akasema Ayub. Katika usafi alikuwa mtu wa haki.

Mzee Barasa alikaa chini, kwenye udongo. Sijawahi kumwona akikaa chini kazini. Na kilichonitisha zaidi ni kwamba maji yalikuwa bado yanatoka meupe kabisa, mazuri, ya kutamanika. Nikajaza kichupa. Kingine nikakijaza maji yaliyochemshwa jikoni, ili kuwe na cha kulinganisha, nikavifunga kiunoni. Mzee akamweleza Ayub alichofanya, kwa maneno machache, bila kumgombeza. Uso wa yule mtu ulibadilika rangi.

"Usiseme ni mimi," akanong'ona. "Kapteni nauwa mimi. Mzee, niko na watoto." Hakuwa akitia chumvi. Sote tulijua watu waliopotea kwa makosa madogo kuliko hilo. Ayub akawaambia wake wa askari wachemshe maji yao, na habari ikaenea nyumba kwa nyumba bila kupita ofisini.

Asubuhi iliyofuata, kwa shangazi, kichupa cha bomba kilikuwa njano, kimejaa povu. Nikavifunga tena vyote kiunoni, niliogopa kuviacha.

Nilimkuta Mzee Barasa karibu na geti la kambi. "Ukikataa kunywa watasema umetia sumu," nikamwambia. "Ukinywa, naye Kanali atakunywa, akiugua watasema umetia sumu."

"Naona umefikiria."

"Tumwage pipa."

"Atasema maji iko wapi. Na kutia ingine ya kuchemsha, kufuli iko." Akaisukuma kofia yake nyuma kidogo, bila kuivua. "Zaituni, wewe leo usiongee. Ukiulizwa, wewe ni wa chupa tu." Nilimkasirikia. Nilitaka awe na hila fulani aliyonificha, kama alivyokuwa nayo siku zote, na safari hii hakuwa nayo.

Gwaride lilijipanga. Kanali alikuwa mrefu, mkimya, miwani nyeusi. Kapteni alizungumza sana, kisha akafungua bomba mwenyewe, maji yakajaa bilauri. Jua lilipita ndani yake. Mzee Barasa akavua kofia, akaishika bilauri, akaiinua mpaka karibu na kidevu. Akaishusha, akaiweka mezani.

"Leo sikunywi, afande," akasema. "Na wewe usikunywe."

Kapteni alifungua kifuko cha bastola. Nilisikia kile kifungo. "Umetia nini ndani?"

"Sijatia. Kuna kitu imetolewa. Mchanga ilioshwa, sasa haina nguvu."

"Nani naosha?"

Sajini Ayub alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwetu, macho mbele. Nilimtazama Mzee Barasa. Neno moja lingemtoa hapo.

"Ni mimi," akasema. "Niliharakisha mambo ya wageni. Nilikosea."

Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akidanganya, isipokuwa kuhusu umri wake. Kanali akauliza, bila kupandisha sauti, "Wewe najuaje hii mbaya? Mimi naona maji safi."

Jibu la kuonekana kwa macho nilikuwa nalo mimi, kiunoni. Nilisahau kwamba nimekatazwa kuongea. Nikasogea, nikageuka nyuma, nikalegeza mshipi wa gomesi mbele ya wanaume wale wote, nikavitoa vichupa viwili. Vilikuwa na joto langu. "Afande, hiki cha zambarau ni maji yaliyochemshwa. Hiki cha njano ni ya bomba hili."

Kanali akavua miwani. Akakigeuza kile cha njano, povu likapanda. "Hii ingeingia tumbo yangu?"

"Ndiyo, afande."

Akacheka peke yake. Kisha akaichukua bilauri kutoka mezani, akamnyooshea Kapteni. "Wewe naleta mimi hapa. Kunywa."

Kapteni hakumtazama Kanali. Alimtazama Mzee Barasa muda wote aliokuwa akinywa, mpaka tone la mwisho, na mimi nikajua kwamba mzee hana kesho. "Huyu dada abaki na chupa yake," akasema Kanali. "Twende kula." Alipompita Ayub, Kapteni akanong'ona, "Huyo mzee, weka kwatagadi mpaka mgeni naenda." Kwatagadi ni chumba cha mahabusu. Watu waliowekwa humo kusubiri mgeni aondoke, hatukuwauliza habari zao tena.

Ayub akamshika mzee mkono, wakaondoka. Nilisimama pale na vichupa vyangu nikiwaona wanaukaribia mlango wa kwatagadi, na kisha, bila kupunguza mwendo, wanaupita. Walipita nyumba za familia. Wakapita matete. Pale mtaro unapotoka chini ya uzio kwenda kwa migomba, Mzee Barasa alilala kifudifudi kwenye maji ya nepi za kambi nzima, akatambaa, akatoweka. Ayub alirudi na kofia ya mzee chini ya shati. Akanipa, na ujumbe: "Mzee nasema usiache mtu naguza mchanga."

Ayub aliripoti kwamba mahabusu ametoroka, akasubiri risasi. Lakini jioni hiyo Kapteni alikuwa tayari anatoka chooni na kurudi chooni, na hakuwa na nguvu ya kumtafuta mtu. Aliumwa vibaya. Alipopona, hasira yake ilikuwa imepungua pamoja na mwili wake, na kambi ilikuwa na kiu. Nikaachwa niendelee.

Njano, njano, njano. Ayub aliketi kando ya mapipa na bunduki magotini, akimfukuza kila mwenye ufagio. Utando ukaanza kurudi, kwanza kama vumbi, kisha ule utelezi wa kahawia. Siku vichupa vilipobaki zambarau, nilijua nani sasa anapaswa kunywa kwanza, na niliogopa, nisiwafiche. Nilijaza bilauri. Ayub akaichukua mkononi mwangu.

"Dada, mimi kwanza," akasema. Akavua kofia yake ya jeshi, akanywa yote.

Utawala ule ulipoanguka, askari walitawanyika, na Ayub sijui alikoishia. Kuhusu Mzee Barasa sikuwa nimesikia neno lolote miaka yote ile, na nilikuwa nimeanza kumwombea kama tunavyowaombea waliokufa. Njia zilipofunguka nilivuka mpaka na kofia yake kwenye kapu, nikauliza watu upande wa Bungoma, soko hadi soko, mpaka mwanamke mmoja akaninyooshea kidole kwenye boma lenye pipa mlangoni. Alikuwa amekaa kando ya pipa. Amezeeka. Hakunisalimu. Aliiangalia kofia, akaniangalia mimi.

"Utando ulirudi?"

"Ulirudi, mzee."

"Na Ayub?"

"Alikunywa kwanza."

Akatikisa kichwa kwa muda mrefu, machozi yakimtoka bila kuyafuta. Kisha akavaa kofia ili apate kuivua, akachota kikombe kwenye lile pipa, akanywa nusu, akasubiri kidogo akinitazama, akanipa iliyobaki. Nikanywa.

Haya, kijana mrefu. Rudisha maji juu ya ule mchanga, ufunike, na usiuguse mpaka vichupa vikuruhusu. Siku hiyo niite, nitakuja hata kwa mkongojo. Lakini bilauri ya kwanza ni yako.